Somo la Upinde: Kusimama, Kuvuta na Kuachia Mshale

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Vijana wa darasa letu wametuomba tuwaandikie juu ya kupiga upinde: anayeanza asimame vipi, avute vipi, na auachie vipi mshale, na ni lipi limpasalo kulijua mwenye nia ya kuwinda kwa silaha hii. Tumeliona ombi lao kuwa jema, nasi twalijibu kwa kadiri ya uwezo wetu.

Watu wengi hudhani kuwa hapa pana mambo mawili yaliyo mbali mbali: ufundi wa mkono ni shughuli ya mwindaji, na uhalali wa nyama ni shughuli ya shekhe. Twataka kuonyesha katika somo hili kuwa mambo hayo yamefungwa kwa ugwe mmoja. Mkono ulioachia mshale vibaya waweza kuifanya nyama iliyokuwa ya halali kuwa mzoga. Na mtu aliyeacha kujifunza hana udhuru wa kusema kuwa alipiga Bismillahi.

DARAJA YA JAMBO HILI KATIKA DINI

Katika Sura ya Al-Anfal, aya ya 60, Mwenyezi Mungu amewaamrisha Waislamu waandae nguvu kadiri wawezavyo. Uqba bin Amir amepokea kuwa Mtume (s.a.w.), naye yu juu ya mimbari, aliisoma aya hii kisha akaeleza mara tatu kuwa nguvu hiyo ni kutupa, yaani kutupa mishale. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Imamu Muslim.

Wala Uqba hakuipokea kwa ulimi tu. Alipokuwa mzee, mtu mmoja alimwona akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, akamwonea huruma kwa uzee wake. Uqba alimjibu kuwa lau si neno alilolisikia kwa Mtume asingejitaabisha hivyo. Nalo ni kuwa mwenye kujifunza kutupa kisha akaacha, huyo si katika sisi. Basi ikiwa Sahaba mjuzi, tena mzee, alikuwa bado akienda na kurudi, kijana aliyeanza jana ana hoja gani ya kusema amechoka?

SHERIA YA NCHI

Kabla ya kuushika upinde yatupasa kusema jambo moja kwa uwazi. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa mwitu ya mwaka 2013 yamwadhibu mwenye kuwinda, awe amewinda kwa biashara au kwa kitoweo cha nyumbani. Asije mtu akalifanya somo hili kuwa ruhusa ya kuingia Tsavo au msitu wa Arabuko-Sokoke na podo begani. Kwetu sisi shabaha ni gunia lililoshindiliwa nyasi, na hilo latosha kabisa kumfundisha mtu. Atakaye kuwinda kweli na aende katika nchi itoayo kibali, kama Tanzania, aulize kwanza kama upinde umo katika silaha zinazokubaliwa huko, na afuate sheria zake za majira na za wanyama. Muislamu hali kitoweo cha magendo.

UPINDE NA MISHALE YA ANAYEANZA

Kosa la kwanza la vijana ni kutaka upinde mgumu. Nguvu ya upinde hupimwa kwa ratili, na ratili moja ni karibu na nusu kilo: hupimwa uzito unaohitajika kuuvuta ugwe hadi mwisho wake. Mtu mzima anayeanza humtosha upinde wa ratili 20 hadi 25, na mtoto pungufu ya hapo. Avutaye upinde uliomzidi hutetemeka, huinua bega, huachia kabla ya wakati. Na tabia hizi zikishamkaa, kumtoka ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya. Ni kweli kuwa upinde wa kuwindia huwa mgumu zaidi, hata baadhi ya majimbo ya Marekani hayaruhusu kuwinda wanyama jamii ya kulungu kwa upinde ulio chini ya ratili 40. Lakini huko hufikiwa kwa miezi, kwa kuongeza ratili chache chache.

Kila siku kabla ya kuanza, kagua mishale yako mmoja mmoja. Ushike huku na huku, uupinde kidogo karibu na sikio; ukisikia mlio wa ufa, uvunje uutupe, kwa sababu mshale wenye ufa waweza kupasuka wakati wa kuachiwa ukauingia mkono wako. Wala usiuvute ugwe ukauachia pasipo mshale. Nguvu ambayo mshale ungeichukua na kwenda nayo hurudi katika upinde wenyewe, na pengine huuvunja.

Na tukumbuke adabu tuliyofunzwa katika hadithi ya Abu Musa, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asije akamdhuru Muislamu. Ikiwa tumeamrishwa kuchunga mshale uliomo mkononi, basi mshale uliomo katika ugwe wataka kuchungwa zaidi. Usitie mshale ugweni mpaka uhakikishe kuwa hapana mtu mbele yako, wala ubavuni mwa shabaha, wala nyuma yake.

KUSIMAMA NA KUSHIKA

Twaeleza kwa mwenye kutumia mkono wa kulia; wa mkono wa kushoto na ageuze. Bega la kushoto lielekee shabaha. Miguu ipanuke kadiri ya upana wa mabega, na uzito ugawike sawa katika nyayo mbili. Mwili uwe wima kama wa mwenye kuswali katika kisimamo chake: ametulia, hakuinama mbele wala hakuegemea nyuma.

Mshale na ukae ugweni kiasi cha kufanya pembe ya mraba, na mahali hapo patiwe alama ya uzi ili pawe ni pale pale siku zote. Ikiwa mshale una manyoya matatu, lile moja lililotengwa kwa rangi liangalie nje, lisiuguse upinde.

Mkono wa kushoto usiukabe upinde. Upinde ukae baina ya gumba na kidole cha shahada, uegemee kitako cha gumba, na vidole vingine vilegee. Anayekaba huupotosha upinde upande mmoja bila ya kujua, kisha huulaumu mshale. Kiwiko cha mkono huo, yaani hapo mkono unapopindika, kigeuzwe nje kidogo ili ugwe usichune kigasha. Na anayeanza afunge kipande cha ngozi kigashani kwa hifadhi.

Mkono wa kulia hutumia vidole vitatu: cha shahada juu ya mshale, cha kati na cha pete chini yake, ugwe ukikaa katika pingili ya kwanza. Mshale usibanwe na vidole. Ugwe ndio unaovutwa, na mshale hufuata.

Walimu wa Kiislamu wa zamani walikuwa na njia nyingine, nayo ni kuuvuta ugwe kwa gumba huku kidole cha shahada kikilifunga. Mfungo huo waliuita sitini na tatu, kwa kuwa vidole vikikaa hivyo hufanana na alama ya 63 katika hesabu ya vidole waliyokuwa nayo Waarabu. Elimu hii iliandikiwa vitabu, na kimojawapo kilicho mashuhuri ni cha Taybugha, wa dola ya Mamluki, katika karne ya 14. Twalitaja hili ili vijana wajue kuwa wazee wetu wa dini hawakuuona upinde kuwa mchezo wa watoto. Waliukalia darasa, wakabishana, wakaandika. Anayeanza na achague njia moja adumu nayo.

KUVUTA NA KITUO

Upinde hauvutwi kwa mkono peke yake. Mkono huchoka haraka, na ukichoka hutetemeka. Vuta kwa mgongo: kombe la bega la kulia livutwe kuelekea uti wa mgongo, na mkono uwe kama kulabu tu inayoshikilia ugwe. Alama ya kuwa umevuta sawa ni hii, kwamba ukifika mwisho, kiwiko cha kulia, kifundo cha mkono na mshale vimekuwa mstari mmoja. Mwombe mwenzio akutazame kwa ubavuni, kwani mwenyewe huwezi kujiona.

Mwisho wa kuvuta pana mahali tutakapopaita kituo. Ncha ya kidole cha shahada iguse pembe ya mdomo, kila mara, pasi na kuhama. Yafaa tufanye hesabu. Tuseme urefu wa mvuto wako ni sentimita 70, na kituo kimehama kwa sentimita moja tu. Kwa pembe hiyo peke yake, mshale utakuwa umepotoka kiasi cha sentimita 28 utakapofika mita 20. Hitilafu ya upana wa kidole shavuni huwa hitilafu ya zaidi ya shubiri huko mbele. Na kwa mnyama, hiyo ndiyo tofauti baina ya moyo na tumbo.

Katika kulenga, usitazame gunia zima. Chagua nukta moja ndogo juu yake uikazie macho. Na ujue jicho lako lenye nguvu ni lipi: nyosha mikono, fanya tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kwa macho mawili kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Lile linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo lenye nguvu. Likiwa ni la kushoto, ni afadhali ujifunze kwa mkono wa kushoto tangu mwanzo.

KUACHIA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Vidole havifunguliwi kwa nguvu, bali hulegezwa. Mgongo uendelee kuvuta, vidole vilegee, na ugwe ujiendee wenyewe. Mkono wa kulia, kwa kuwa mgongo ungali unavuta, utateleza nyuma kando ya shavu hadi chini ya sikio. Mkono wa kushoto ubaki pale pale ulipo mpaka usikie mshale umefika.

Makosa ya mahali hapa ni manne, na kila moja lina alama yake.

La kwanza ni kunyakua: mkono wa kulia hutoka nje, mbali na shavu. Ugwe huenda upande, na mkia wa mshale huyumba angani.

La pili ni kurudi mbele: kabla ya kuachia, mkono husogea kidogo kuelekea upinde. Nguvu hupungua, na mshale hupiga chini ya ulipolenga.

La tatu ni kuushusha upinde upesi kwa hamu ya kuutazama mshale. Mshale ungali haujaondoka sawasawa, na upinde umekwisha hama.

La nne, nalo ni baya kupita yote, ni vidole kuachia vyenyewe mara macho yanapoigusa shabaha, kabla mwenyewe hajaamua. Hili huwapata hata wenye miaka mingi, na dawa yake ni moja: kujizoeza kutoachia. Vuta hadi kituo, lenga, hesabu hadi tatu, kisha urudishe ugwe taratibu bila ya kuutupa mshale. Fanya hivi mara nyingi, ukichanganya na kuachia, mpaka vidole vijue kuwa havina amri.

Zoezi hili la mwisho tusilidharau. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale 50 chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubair, akawaamuru wasiondoke mahali pao mpaka awaletee habari. Hawakupungukiwa na ujuzi wa kutupa. Lililowaponyoka wengi wao ni subira ya kungoja amri, na Waislamu wote wakaonja uchungu wake. Mshale uliomo ugweni waweza kurudishwa. Uliokwisha kuondoka hauitiki wito.

MSHALE NA UHALALI WA NYAMA

Adiy bin Hatim alikuwa mwindaji, na alimuuliza Mtume (s.a.w.) maswali ambayo majibu yake ndiyo msingi wa mlango huu. Alifundishwa kuwa ataje jina la Mwenyezi Mungu anapotupa. Alifundishwa kuwa silaha ikimpata mnyama kwa ncha ikamtoboa, na amle. Na ikimpata kwa ubavu wake ikamuua kwa kishindo, asimle, kwani huyo ni katika waliokufa kwa kupigwa, ambao Sura ya Al-Maida, aya ya 3, imewaharamisha. Na alifundishwa kuwa akimkuta mnyama amezama majini asimle, kwa sababu haijulikani kama aliuawa na mshale au na maji.

Hapa ndipo ufundi na fikihi zinapokutana. Tumesema kuwa mshale ulionyakuliwa huyumba mkia. Manyoya hujaribu kuunyosha, lakini yataka masafa kufanya hivyo. Na kwa karibu mshale huo waweza kupiga kwa mshazari, ukateleza juu ya mfupa, ukavunja pasipo kutoboa. Mwenye vidole vibovu amejiweka mlangoni mwa haramu hata kama ulimi wake umetaja jina la Mungu.

Na kwa mlango huo huo twawakumbusha wenye watoto: ndege aliyeuawa kwa jiwe la manati si halali kuliwa, ila akidirikiwa yu hai akachinjwa. Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, akaeleza kuwa havipati mawindo wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kupofua jicho. Vile vile Ibn Umar alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, aliwaeleza kuwa Mtume amemlaani afanyaye hivyo. Gunia la nyasi halina roho. Basi makosa yako yamalizie huko.

Kuna pia suala la sumu. Waata wa pande za Tsavo, na Wagiriama na Wakamba, walijulikana kwa umahiri wa upinde na kwa sumu waliyoipika kutokana na mti ambao wataalamu huuita Acokanthera. Umahiri wao twauheshimu. Lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa mnyama aliyeuawa na mshale na sumu kwa pamoja haliwi, kwa kuwa sababu mbili zimeshirikiana na mojawapo si katika zinazohalalisha. Ila akidirikiwa akiwa na uhai uliotulia akachinjwa. Hata kwa mshale usio na sumu, mnyama akikutwa na uhai huo ni lazima achinjwe. Kwa hivyo kisu kikali ni katika vyombo vya mpiga upinde, wala si ziada.

Wapi apigwe mnyama? Asimame ubavu, na mshale uingie nyuma kidogo ya mguu wa mbele, palipo na mapafu na moyo. Ndipo hufa upesi. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Shaddad bin Aws kuwa Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja. Basi jipime hivi: weka juu ya gunia sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20. Masafa ambayo mishale yako yote huingia katika sahani hiyo, siku baada ya siku, hayo ndiyo masafa yako. Hatua moja zaidi ya hapo, mnyama ana haki ya kuachwa aende zake.

HIRIZI NA KUSINGIZIA KUDRA

Zimo katika nchi yetu dawa za shabaha: kuna wafungao hirizi kwenye upinde, na kuna wachanjao chale mkononi ili wasikose. Haya yote ni batili. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bashir al-Ansari kuwa Mtume (s.a.w.) aliamrisha zikatwe nyugwe za pinde zilizovishwa shingoni mwa ngamia, na Imamu Malik ameeleza kuwa walizivisha kwa kukinga jicho baya. Tazama namna dini yetu ilivyo safi. Ugwe ule ule ambao tumehimizwa tuuvute, ulipogeuzwa hirizi uliamrishwa ukatwe. Chombo ni chombo. Hakina siri ila kazi iliyowekewa.

Na upande wa pili wako wasiofunga hirizi, lakini kila wakosapo husema haikuandikwa. Kudra twaiamini. Ila Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kisha ategemee, wala hakumwambia amwache kisha amlaumu aliyemuumba. Kufunga kwa mpiga upinde ni kituo kisichohama, mgongo unaovuta na vidole vinavyolegea. Akiyatimiza haya kisha akakosa, na aseme ndiyo kudra. Asiyeyatimiza na arudi gunia kwake.

MPANGO WA MAZOEZI

Mwezi wa kwanza, simama mita 4 au 5 tu kutoka kwenye gunia kubwa, pasipo alama yoyote juu yake. Usilenge, shughulika na kusimama, kuvuta, kituo na kuachia. Mwenzio akiwapo kukuchunga, fumba hata macho, uusikie mgongo wako. Mishale 30 kwa siku yenye utulivu ni bora kuliko 100 ya pupa. Na mwili ukianza kutetemeka, acha. Mwezi wa pili, weka sahani katika mita 10. Usisogee kwenda 15, wala kutoka 15 kwenda 20, ila sahani imekukubali siku 7 mfululizo. Kila baada ya mishale mitano, rudisha mmoja bila ya kuuachia.

Kwa darasa lijalo, wanafunzi wajadiliane maswali haya. Ni kosa gani katika manne ya kuachia linaloweza kuiharamisha nyama, na kwa njia gani? Mnyama aliyefumwa sawasawa kisha akatumbukia mtoni akakutwa amekufa, hukumu yake ni ipi, na kwa sababu gani? Je, mwenye kibali mkononi, ambaye sahani yake ni ya mita 10, anaruhusika kumtupia mnyama aliye mita 25 kwa kuwa amepiga Bismillahi?

Twamwomba Mwenyezi Mungu ainyoshe mikono yetu, na kabla ya mikono azinyoshe nia zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojifunza kisha wasiache. Na Yeye ndiye Mwenye kuwafikisha.